Maswali ya Wasomaji: Kamera ya mkanda yenye lenzi pana, nichukue ipi?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi napiga picha za mkanda mwaka wa pili sasa, natumia Olympus Trip 35 ya mjomba. Naipenda ila ndani ya nyumba inanitesa. Bibi yangu anakaa chumba kidogo, nikitaka apatikane yeye na kitanda chake na dirisha narudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta na bado miguu inakatwa. Halafu ikifika jioni kamera inagoma kabisa, inatoa kile kialama chekundu. Nataka kamera moja ya zamani, lenzi isiyobadilishwa, iwe pana, iingie mfukoni. Nimesoma majina mpaka kichwa kinauma, GR1, XA4, 28Ti, mju, Hexar. Nichukue ipi? Na hivi 28 na 35 zinatofautiana kweli au watu wanakuza tu mambo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi umeniambia unapiga picha ya nani na umesimama wapi, manake wengi wananiandikia "nipe kamera nzuri" basi, na hapo sina pa kuanzia. We umeshanipa chumba, bibi na ukuta, kazi imebaki ndogo.

Nianze na la mwisho. Hapana, hawakuzi. Fremu ya mkanda wa 35mm ina upana wa milimita 36. Chukua hiyo 36, gawa kwa namba ya lenzi (hizo 28 na 35 ni milimita za urefu wa fokasi wa lenzi, si za mkanda, na namba ikiwa ndogo lenzi inaona pana zaidi), halafu zidisha kwa umbali wako na unachokipiga, unapata upana wa eneo linaloingia kwenye picha. Trip yako ni 40mm, kwa hiyo ukisimama mita 2 unapata upana wa mita 1.8. Kitanda cha mita 2 hakiingii, ndo maana miguu ya bibi inakatwa, wala si kosa lako. Lenzi ya 35mm kwa umbali uleule inakupa mita 2.05 hivi, yaani kitanda kinaingia kwa shida na dirisha linabaki nje. Ya 28mm inakupa karibu mita 2.6. Hapo bibi yumo, kitanda kimo, na dirisha lipo likimwangazia. Ukienda 21mm inafika mita 3.4, lakini hiyo ni dunia nyingine, nitakuja nikuambie kwa nini sikushauri.

Kabla hujatoa hela fanya hivi: nenda chumbani kwa bibi na simu, kamera kuu ya simu nyingi za sasa iko kati ya 24 na 28, usivute zumu hata kidogo, mpige. Kama unajisikia umepumua, wewe ni mtu wa 28. Kama unaona kuna dari tupu na sakafu tupu na bibi amekuwa mdogo katikati, basi baki kwenye 35 na usisikilize mtu.

Manake 28 ina masharti yake. Uso ukikaa pembeni ya fremu unavutika, shavu linakuwa pana. Ukimsogelea mtu sana pua inatangulia. Ukiinamisha kamera kidogo tu kuta zinaegemea kama zinataka kuanguka. Kwa hiyo bibi muweke karibu na katikati, shusha kamera mpaka usawa wa kifua chake badala ya kumpiga ukiwa umesimama, halafu pembeni acha vitu vyake, viatu, kabati, pazia. Na hii ndo sababu 21 siipendi kwa chumba chenye mtu. Ricoh walitoa GR21 yenye lenzi ya 21mm na ni chombo kikali kweli, lakini kwa uso wa mzee, hapana.

Sasa majina. Nitakwambia ninavyoyaona mimi.

Olympus XA4 ya mwaka 1985 ndiyo ningekuwekea mkononi kwanza. Lenzi 28mm f/3.5 (hiyo f ni uwazi wa tundu la mwanga, namba ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi), inafunikwa na kifuniko cha kuslaidi, inaingia mfuko wa shati, betri zake ni zile ndogo za duara unazozipata popote. Haina autofokasi, unasukuma kijiti cha umbali kwa kukadiria. Najua hapo umeshtuka. Usishtuke, hapa ndipo lenzi pana inapokulipa: hata tundu likiwa wazi kabisa kwenye f/3.5, ukiweka mita 2, vitu vya kuanzia mita 1.6 mpaka 2.7 hivi vinakaa vizuri. Bibi hakimbii. Ukipima chumba mara moja kwa hatua zako unajua kila kona ina mita ngapi, na hutapoteza picha ukisubiri kimota kitafute fokasi gizani. Tena inashuka mpaka sentimita 30, unaweza kupiga mikono yake ikishona kitu, na ile kamba ya mkononi iliyokuja nayo ilitengenezwa iwe kipimo cha hapo karibu. Ubaya wake ni kwamba huchagui chochote, tundu na spidi (muda ambao shata inabaki wazi) inaamua yenyewe, na bila betri haipigi.

Ricoh GR1 ilitoka 1996, 28mm f/2.8, mwili wa magnesiamu, nyembamba. Lenzi yake imepigiwa kelele sana na kwa maoni yangu kelele zote zinastahili, kali mpaka kwenye kona. Unachagua tundu mwenyewe kwa gurudumu, ina autofokasi, na ina hali ya snap inayofunga fokasi kwenye mita 2 ili ubonyeze tu. Baadaye wakatoa GR1s na GR1v, hiyo v inakuruhusu uweke ISO mwenyewe, yaani ile namba ya wepesi wa mkanda kwa mwanga, 100, 400 na kadhalika. Tatizo linajulikana kwa kila anayezitumia: kioo kidogo cha juu kinachoonyesha namba za picha kinafifia, kwingine kinakufa kabisa. Kamera inaendelea kupiga, ila huoni umebakiwa na picha ngapi wala flashi iko kwenye hali gani.

Nikon 28Ti (1994), mwili wa titaniamu, 28mm f/2.8, juu ina kile kidude chenye mishale midogo kama saa ya mkononi, kizuri kukitazama. Minolta TC-1 (1996) ni ndogo kuliko zote hizi, 28mm f/3.5. Fuji Klasse W ni ya baadaye kidogo, 28mm f/2.8 nayo. Zote tatu nzuri na zote tatu ni ghali, na kitu ghali cha elektroniki chenye umri wa miaka thelathini kina hatari yake, subiri nikufikie hapo.

Kuna za plastiki ambazo watu wanazipita na mi nadhani wanakosea. Nikon AF600, 28mm f/3.5, ndogo, nyepesi. Ricoh R1 ya 1994, 30mm f/3.5, ukigeuza kwenye panorama inakwenda 24mm, ila inakata juu na chini ya fremu kwa kivuli na kona zinakuwa laini. Hizi zikifa huzililii sana.

mju ya Olympus, ile ya pili ya 1997, ni 35mm f/2.8, lenzi safi sana, ila kila ukiifungua flashi inarudi kwenye otomatiki. Yaani ukisahau mara moja tu kuizima, bibi anapigwa na mwanga usoni na ile jioni ya dirishani imeshapotea. Kwa mtu anayepiga ndani hilo si jambo dogo. Hexar AF ya Konica ndo ningeichukua kama ungeniambia unataka 35 na giza: f/2, ni mwanga mara mbili ya f/2.8, na ina hali ya kimya ambayo ukiwa hatua mbili pembeni husikii kitu. Haiingii mfukoni lakini, na spidi yake inaishia 1/250 ya sekunde kwa hiyo mkanda wa 400 juani ukifungua tundu unazidi mwanga, ingawa mkanda wa rangi wa negativu unavumilia hilo bila shida.

Kuhusu giza nikwambie ukweli. Taa ya chumbani usiku, mkanda wa 400, f/2.8, mara nyingi utajikuta 1/15 au 1/30. Kwa f/3.5 ya XA4 inashuka zaidi. 28 inakusamehe mkono kutikisika kuliko 40, lakini haifanyi miujiza. Weka mkanda wa 800, egemea mlango, vuta pumzi, bonyeza ukiwa unatoa pumzi. Trip yako inagoma kwa sababu ina spidi mbili tu, 1/40 na 1/200, na macho yake yanategemea seli ya seleniamu, mwanga ukipungua hakuna ilichobakiwa nacho ndo inakutolea kile chekundu.

Sasa hatari niliyosema. Miaka kadhaa nyuma nilinunua kamera moja ndogo ya kifahari, sitaitaja, imetunzwa, iko kwenye boksi lake, mwili unang'aa. Nilipiga roli tatu nayo. Roli ya nne lenzi ikatoka nusu ikasimama, haitoki haiingii. Fundi wa kwanza akaniambia utepe mwembamba wa umeme ndani umekatika. Wa pili akasema hivyohivyo. Wa tatu akaniambia kaka hizi spea hazitengenezwi tena, tafuta nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti tuihamishie viungo. Ipo kwenye droo mpaka leo na kila nikifungua droo moyo unaniuma, manake ndani yake ulikuwa umebaki mkanda wa siku ya mwisho ya rafiki yangu kabla hajahama, tukautoa gizani chini ya blanketi, nusu ukaungua kwa mwanga. Toka siku hiyo naangalia hali ya kamera kwanza, jina baadaye.

Kwa hiyo ukiishika mkononi fanya haya bila aibu hata muuzaji akikukunjia uso. Fungua mlango wa nyuma, gusa ile sponji nyeusi kwenye mifereji kwa ncha ya kidole. Ikikuachia weusi unaonata kama lami, imeoza, mwanga utaingia na kuchora mistari ya rangi ya chungwa kwenye picha. Hilo peke yake lisikufukuze, sponji inabadilishwa nyumbani kwa saa moja na spiriti kidogo. Halafu washa tochi ya simu, kwa kamera inayoruhusu shata kubaki wazi ipitishe kutoka nyuma, kwa nyingine imulike kwa mbele ukiwa umeinamisha. Vumbi dogo achana nalo. Unachotafuta ni nyuzi nyuzi kama utando wa buibui zinazoanzia ukingoni, hiyo ni kuvu, na ikishakula kioo kusafisha hakurudishi kilicholiwa. Ukiona ukungu wa maziwa umetanda kote, picha zako zote zitakuwa zimefifia ukipiga kuelekea dirishani, na wewe unapiga kuelekea dirishani. Fungua chumba cha betri, ukijani na unga mweupe ni betri iliyovuja. Mwisho iwashe na uizime mara kumi mfululizo usikilize, mota inayokwama mara ya saba itakwama harusini.

Kwa hiyo kwako: XA4 kama utakubali kukadiria, na mi nakuomba ukubali. Ukishindwa kabisa, GR1 iliyopimwa, hata kama kioo cha juu kimefifia, mradi lenzi inatoka na kuingia bila kusita. Na Trip ya mjomba usiiuze, mchana nje bado ni kamera ya maana.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi nimepata Canonet QL17 GIII, 40mm f/1.7, nimeambiwa ni lenzi pana na inafaa kwa kila kitu. Ila mita ya mwanga inasoma vibaya, na betri niliyoweka ni mpya. Imeharibika?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Mawili hapo. Kwanza 40mm si pana, yeyote aliyekuambia hivyo alikuwa anauza. Upana wa mkato wa fremu kutoka kona hadi kona ni milimita 43 na kidogo, kwa hiyo 40 inaona karibu kama jicho lilivyotulia. Ni urefu mtamu, lakini ukitaka pana siyo hiyo.

Pili, mita yako inawezekana ni nzima kabisa. Kamera hiyo iliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, na hizo zimepigwa marufuku kwa sababu ya sumu. We bila shaka umeweka ya alkali yenye umbo lilelile, ambayo ni volti 1.5, tena volti yake inaendelea kushuka kadiri inavyozeeka, kwa hiyo leo inasoma hivi kesho vile. Tafuta betri ya hewa na zinki, zile za vifaa vya kusikia namba 675, zinatoa karibu 1.4 na zinakaa palepale mpaka zinakufa. Ni nyembamba kwa hiyo utaiwekea kipete cha pembeni isicheze. Ukishabandua ile karatasi ndogo yake haiwezi kuzimwa tena, itaisha hata usipopiga. Na uzuri wa Canonet ni kwamba shata yake ni ya mitambo, ukitoa betri kabisa unaweka tundu na spidi mwenyewe na inapiga kama kawaida.

SWALI: Mzee wangu, mimi napiga milima na mabonde, sihitaji mfuko. Nataka negativu kubwa na lenzi pana isiyobadilishwa. Fuji GSW690 au GA645W?

JIBU: Hapa sina maneno mengi kwa sababu umeshajua unachotaka. Zote mbili zinatumia mkanda mpana wa 120 na zote zinaona sawasawa na 28 ya mkanda mdogo. GSW690 ina 65mm f/5.6 kwenye fremu ya sentimita 6 kwa 9, unapata picha nane tu kwa roli. Haina betri, haina mita, uzito karibu kilo moja na nusu. Nane ni chache mpaka siku utakapoiweka ile negativu juu ya meza ya mwanga, kila jani lina ukingo wake, hapo utanyamaza. Chini yake kuna kihesabu kinachopanda kila baada ya picha kumi, kiangalie kabla ya kununua ujue imefanya kazi kiasi gani.

GA645W ni 45mm f/4, picha 16, ina autofokasi na mita, na inaandika data za picha pembeni ya mkanda nje ya fremu, kitu ninachokipenda sana. Ukiishika kawaida inatoa picha ya wima, kwa mabonde utakuwa unaigeuza muda wote. Ni ya elektroniki pia, kwa hiyo yale niliyomwambia msomaji wa kwanza kuhusu spea yanakuhusu. Kwa milima, ukiwa na tripodi na subira, ningebeba GSW690. Na usinitajie Hasselblad SWC na 38mm yake, ile naiota usingizini lakini ni suala la mfuko tofauti kabisa.

SWALI: Kaka, kwenye kabati la babu nimekuta kamera imeandikwa Olympus Wide. Haina betri wala mshale wowote wa mwanga. Ni ya kutumia au ya kupamba?

JIBU: Ya kutumia, tena leo. Hiyo ilianza 1955, 35mm f/3.5, wakati kamera nyingi za aina yake zilikuwa na 45 au 50, kwa hiyo babu yako alikuwa na jicho la mbele. Kabla ya mkanda, pindua shata kwenye spidi za polepole ubonyeze ukiwa umetega sikio. Ikisita au ikabaki wazi, ni mafuta yaliyokauka, fundi anasafisha na inarudi. Spidi za haraka kwa kawaida ndizo zinazobaki nzima, na juani unazihitaji hizo tu.

Mita huna, kwa hiyo jua kali na mkanda wa 100 weka f/16 na spidi iliyo karibu na 1/100, kukiwa na wingu jepesi fungua mpaka f/11, wingu lililotanda f/8. Fokasi ni ya kukadiria: kwenye f/11 ukiweka mita 3.7 hivi, kila kitu kutoka karibu mita 1.9 mpaka mwisho wa macho kinakaa. Na angalia vizuri kabla ya kufungua nyuma, zungusha taratibu kile kifundo cha kurudishia mkanda, ukihisi kinavuta kitu, usifungue. Kuna mkanda wa babu humo ndani. Urudishe mpaka ulegee, utoe, upeleke kusafishwa kwa mtu wa mkanda wa zamani, mwambie umri wake.